Simba Hulindwa Zizini: Mwongozo wa Kuanzisha Kikosi cha Morani Walinzi wa Simba

Mwongozo huu ni kwa ajili ya serikali ya kijiji, ranchi ya jamii au kikundi cha vijana wa jamii ya wafugaji wanaoishi na simba, na wanaotaka morani wao, yaani vijana wapiganaji, wawe walinzi wa simba badala ya wawindaji wake. Mfano mkuu ni Amboseli, kusini mwa Kenya, ambako Leela Hazzah na Stephanie Dolrenry walishirikiana na Wamasai kuanzisha Lion Guardians, mpango wa morani walinzi wa simba, mwaka 2007. Nitachota pia kwa Wasamburu wa mto Ewaso Nyiro, kwa Wamasai wa Ngorongoro na kwa Wabarbaig wa kandokando ya Ruaha, maana kila jamii iliurekebisha mpango huu ufuate mila zake, na ninyi itabidi mfanye vivyo hivyo.

Jambo moja lishikeni tangu mwanzo, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinaliegemea: kazi ya mlinzi wa simba ni kulinda ng'ombe. Ng'ombe akilala salama, hakuna mtu anayeamka alfajiri kumfuata simba na mkuki. Mradi unaoanza na kola za kufuatilia simba, kamera na takwimu, huku ukimwacha mama aliyepoteza mbuzi usiku ahangaike peke yake, utachukiwa kabla haujasimama.

Jueni kwanza kwa nini simba anauawa kwenu

Msinunue hata betri moja kabla ya kumaliza kazi hii. Zungukeni boma kwa boma, kaeni na wazee, akina mama, wachungaji wadogo na morani wenyewe, kila kundi kwa wakati wake. Ulizeni ni simba wangapi waliuawa miaka ya karibuni, wapi, msimu gani, na kilichotangulia kabla ya kuuawa ni nini.

Mtakuta sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni hasira ya mifugo iliyoliwa. Ya pili ni heshima: kwa Wamasai, olamayio, yaani msako wa simba, ulimpa morani jina ambalo angeitwa maisha yake yote, na sifa mbele ya wasichana na rika lake. Kwa Wabarbaig, kijana aliyeua simba alizawadiwa mifugo na watu wake. Kwa Wasukuma wa upande wa Katavi, muuaji wa simba huzunguka akicheza ngoma nyumba kwa nyumba na kukusanya zawadi, na baadhi ya watu waliigeuza mila hiyo kuwa biashara, hata vijiji vikatunga sheria ndogo za kuizuia. Sababu ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: simba huuawa pia kama ujumbe kwa serikali au kwa hifadhi, pale watu wanapoona malisho yao yamechukuliwa au madai yao hayasikilizwi.

Kila sababu ina dawa yake. Zizi imara halitamzuia kijana anayetafuta jina, na mashindano ya michezo hayatamtuliza mzee aliyepoteza mtamba mwenye mimba. Kama kwenu tatizo ni la tatu, mpango wa morani peke yake hautatosha. Wakutanisheni wananchi na wasimamizi wa hifadhi kwanza.

Baraka za wazee, kisha karatasi za serikali

Anzeni na viongozi wa rika. Laigwanani, yaani kiongozi wa rika, ndiye anayeweza kuwaambia morani wake wakae chini nao wakakaa. Mwekezaji mwenye gari hawezi. Mpelekeeni wazo likiwa bado bichi ili alikosoe na kulirekebisha. Mkimpelekea likiwa limeshapikwa atalipokea kwa adabu tu, na siku ya hatari hatatoka nje.

Baada ya wazee, nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa wanachama wa ranchi, na maamuzi yaandikwe kwenye muhtasari. Kwa Tanzania, mshirikisheni mtendaji wa kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya, na kama mko ndani ya eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, uongozi wake pia. Ndani ya Ngorongoro mlango ni mamlaka ya hifadhi hiyo. Kwa Kenya, anzeni na ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ya eneo lenu pamoja na chifu. Mkitaka kufanya utafiti au kumfunga simba kola ya GPS, kibali ni lazima, na kazi ya kumlaza simba kwa dawa ni ya daktari wa wanyamapori pekee. Mpango unaweza kabisa kuanza bila kola. Macho ya morani na nyayo ardhini vinatosha kwa mwanzo.

Kumchagua mlinzi

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kishawishi ni kumchagua kijana aliyesoma, anayejua kompyuta na kuzungumza na wageni. Mwacheni awe karani. Mlinzi anapaswa kuwa mtu ambaye rika lake linamsikiliza, anayejua kila korongo na kila kisima, na asiyeogopa kulala porini. Mara nyingi mtu huyo hajaingia darasani, na si ajabu akawa ameshawahi kuua simba. Usimkwepe kwa sababu hiyo. Amboseli na Ngorongoro wameajiri wawindaji wa zamani makusudi, kwa sababu aliyekwisha kuthibitisha ushujaa wake haitwi mwoga anaposema simba huyu asiuawe.

Kila mlinzi apewe eneo lake mwenyewe, karibu na nyumbani kwao. Amboseli eneo la mlinzi mmoja ni takriban kilomita za mraba 100. Katika nchi yenye maboma yaliyosongamana punguzeni, na katika nyika tupu ongezeni. Jamii yenyewe ipendekeze majina, na pasiwe na ukoo mmoja unaobeba nafasi zote. Ukiona waliochaguliwa wote ni watoto wa viongozi, rudisheni orodha hiyo kwenye mkutano.

Na liwekeni wazi mbele ya kila mtu: mlinzi si askari wala mpelelezi. Siku atakapomkamata mwana-rika wake na kumpeleka polisi, hakuna atakayemwambia tena kwamba msako unapangwa. Kukamata kuna wenyewe.

Mafunzo: nyayo, mzoga na daftari

Morani anajua nyayo tangu utotoni, kwa hiyo mafunzo yawe ya kubadilishana. Mwenye kujua porini afundishe, na mwenye kujua kuandika afundishe. Mambo ya kukubaliana ni haya. Unyayo wa simba hauonyeshi kucha, kwa sababu huzirudisha ndani anapotembea. Wa fisi huonyesha. Kisigino cha simba kina nundu tatu upande wa nyuma. Unyayo mbichi una kingo kali. Upepo, umande na wadudu waliokatiza juu yake huonyesha kwamba muda umepita. Usiku sikilizeni ngurumo, ambayo hewa ikitulia husikika hadi kilomita 8, na asubuhi anzeni kutafuta upande huo.

Kumtambua simba mmoja mmoja kunawezekana kwa madoadoa yaliyo kwenye mizizi ya sharubu zake. Mpangilio wake haufanani kati ya simba na simba, na haubadiliki anapozeeka. Ongezeni makovu, masikio yaliyochanika na rangi ya manyoya ya shingoni. Halafu mpeni jina kwa lugha yenu. Jina lina nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani: zamani morani alipata jina kwa kumuua simba, na sasa simba anapata jina kwa morani. Simba mwenye jina ana tabia zinazojulikana na jamaa zinazojulikana, na watu huulizana habari zake kisimani.

Ustadi ambao mtauhitaji zaidi ni kusoma mzoga. Mfugaji akisema ng'ombe wake kauawa na simba, huenda ni kweli, huenda ni fisi, na huenda ng'ombe alikufa kwa ugonjwa akaliwa baadaye. Simba humkaba ng'ombe koo au pua na mdomo mpaka pumzi ikatike, na huacha alama za kucha mabegani na mgongoni. Fisi huanza kula mnyama angali hai, kwenye kiwele, mapaja na tumbo, na damu hutapakaa eneo kubwa. Chui hupenda mbuzi, kondoo na ndama, huuma kooni, kisha huburuta windo kichakani au juu ya mti. Chuneni ngozi kidogo pale penye alama za meno: pakiwa na damu iliyovilia chini ya ngozi, mnyama aliumwa akiwa hai. Pasipokuwa nayo, alikuwa ameshakufa.

Wasiojua kusoma wafundishwe wakiwa kazini. Wasamburu walifanya vizuri hapa: mpango wa morani wa Ewaso Lions, shirika la kuhifadhi simba huko Samburu, ulioanza mwaka 2010, uliweka masomo ya kusoma na kuandika katikati ya kazi, kwa sababu morani wenyewe ndivyo walivyoomba. Mwanzoni daftari la michoro linatosha, lenye alama ya simba, fisi, ng'ombe, zizi na mwezi.

Siku ya kazi

Mlinzi hutoka alfajiri kabla mifugo haijafunguliwa. Hutembea kwenye njia ambazo simba huzipenda, yaani makorongo, mito ya mchanga na kingo za mabwawa. Akipata nyayo mbichi huzifuata mpaka ajue simba wamelala wapi. Kisha huwahi maboma ya jirani na kupiga simu kwa wengine: leo msichunge upande wa korongo, simba wamelala pale. Onyo hili likifika kabla ya saa mbili asubuhi lina thamani. Likifika saa tano ni habari tu.

Watazameni kwa makini simba dume vijana wa umri wa miaka miwili hadi mitatu. Umri huo hufukuzwa na madume wakubwa, huingia maeneo wasiyoyajua, wana njaa, na ndio wanaojaribu mazizi. Utazameni pia msimu. Wengi hudhani ukame ndio wakati wa hatari, lakini mvua zinapoanza pundamilia na nyumbu hutawanyika, na simba aliyekuwa akiwasubiri kwenye maji hubaki bila windo. Mei 2023, baada ya ukame mrefu kumalizika kwa mvua, simba wapatao kumi waliuawa katika eneo la Amboseli kwa muda wa siku chache. Mmoja wao alikuwa Loonkito, dume wa miaka 19 hivi, aliyeingia zizini akiwa mzee na dhaifu. Hilo lilitokea katika eneo lenye walinzi hodari. Kalenda yenu basi iwe na miezi ya tahadhari, na likizo zisiangukie humo.

Zizi na mchungaji

Simba si lazima aruke uzio ili aue. Mara nyingi huzunguka upande wa upepo, ng'ombe wakamnusa, wakapagawa, wakavunja zizi kutoka ndani na kutawanyika gizani. Kwa hiyo zizi lizuie vitu viwili: simba kuingia na ng'ombe kutoka.

Uzio wa miiba ya mgunga unafaa ukiwa mnene na wenye kimo cha kumpita mtu. Udhaifu wake ni kwamba hukauka na kubonyea, na mchwa huula, kwa hiyo mlinzi aukague kila anapopita. Sehemu inayoongoza kwa ubovu ni lango. Tawi moja la mwiba lililoburutwa na mtoto jioni haliwezi kuitwa lango. Ndani wekeni kizizi cha ndama na mbuzi, mbali na ukingo.

Simanjiro na nyika ya Umasai, Tanzania, wamejenga kuta hai: miti ya jamii ya komifora hupandwa kama nguzo kwa kuchomeka matawi yake ardhini, nayo hushika na kuota, halafu wavu wa waya hufungwa kwenye miti hiyo. Nguzo hailiwi na mchwa kwa kuwa iko hai, na kila mwaka inanenepa. Ni gharama, lakini kama mna fedha kidogo, ushauri wangu ni kuziweka hapa kabla ya kununua kola yoyote. Mfugaji achangie sehemu ya bei na kazi yote ya kuchimba. Aliyechangia atalitunza zizi lake.

Taa zinazowaka na kuzima husaidia pia. Richard Turere alizibuni akiwa mvulana wa miaka 11 kwao, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kwa betri, paneli ya jua na vipuri vya pikipiki. Zitumieni, lakini badilisheni mahali pake mara kwa mara, kwa sababu simba huzoea.

Mchana, tatizo ni mchungaji. Kundi kubwa likiachiwa mtoto mdogo peke yake, simba atajua. Mkiwa kwenye miezi ya tahadhari awepo mtu mzima. Waepuke vichaka vizito, wafunge kengele, warudi kabla ya jua kuzama, na wahesabu mifugo langoni. Akikutana na simba kwa miguu, mchungaji asikimbie: asimame, amtazame, apige kelele, arudi nyuma polepole.

Halafu kuna mifugo iliyopotea. Ng'ombe aliyelala porini bila mchungaji yuko mdomoni mwa simba, na sehemu kubwa ya hasara hutokea hivyo, si zizini. Kila mlinzi akiitwa kutafuta mnyama aliyepotea aende, hata kama ni usiku, hata kama ni mbuzi mmoja wa mjane. Hakuna kazi nyingine inayojenga imani haraka kama hii. Watafuteni na watoto pia: morani anayefuata nyayo za simba anaweza kufuata za mtoto, na walinzi wa Amboseli wamewarudisha nyumbani wachungaji wadogo waliopotea.

Siku ya hasira

Itafika. Ng'ombe wawili wamelala na koo zilizochanika, morani wanakusanyika, mikuki inanolewa, nyimbo zimeanza. Dalili huanza kabla ya hapo: vijana hawaonekani majumbani, simu hazipokelewi. Mlinzi mwenye masikio atajua mapema.

Aende mara moja, na aende kwa mwenye ng'ombe kwanza, kabla ya kwenda kwa morani. Ampe pole. Akae naye kwenye mzoga, asimkimbize, asitaje simba kabla mzee hajamtaja. Wakati huo huo amtume mwenzake kwa laigwanani na awaite walinzi wa maeneo ya jirani, maana mtu mmoja mbele ya vijana thelathini ni mmoja tu. Wakifika wawe wa rika lile lile na wazungumze kwa lugha ya rika.

Maneno yanayofaa si ya sheria. Yanayofaa ni haya: mwenye ng'ombe mwenyewe anataka nini? Ng'ombe waliotawanyika wamepatikana? Twendeni kwanza tuwatafute, twendeni turudishie uzio kabla ya usiku. Hii si hila. Vijana wenye nguvu na hasira wanahitaji kazi ya mikono, na kazi ipo. Kama mlinzi anajua simba aliyeua ni nani, aseme wazi. Mara nyingi msako humpata simba mwingine kabisa, na aliyefanya uharibifu anarudi usiku wa pili.

Pasipowezekana kuwatuliza, asijiweke mbele ya mikuki. Simba akishajeruhiwa, asifuatwe na mtu yeyote kwa miguu. Piga simu KWS au mamlaka ya wanyamapori. Hali kadhalika simba akiwa amemuua au kumjeruhi binadamu: hapo mlinzi hana la kupatanisha, serikali ichukue nafasi.

Sumu ni jambo la peke yake. Msako husikika, lakini sumu hutiwa na mtu mmoja usiku, wala haihitaji ushujaa. Karbofurani, dawa ya wadudu wa mazao, imetumika sana. Desemba 2015, simba wa kundi maarufu la Masai Mara walilishwa sumu kwa mzoga wa ng'ombe. Mkiona tai, fisi na hata nzi wamekufa karibu na mzoga, msiuguse kwa mikono mitupu, wafukuzeni mbwa na watoto, piteni mbali kwa upande upepo unakotoka, kisha iteni wataalamu. Waambieni wazee bila kuficha kwamba mbwa wa boma atakufa wa kwanza, na mtoto anaweza kufuata.

Fidia, mshahara na heshima

Kenya ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inayotambua fidia, na Tanzania ina kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioharibiwa mali, waliojeruhiwa au waliofiwa kwa sababu ya wanyamapori. Mlinzi amsaidie mfugaji kujaza fomu siku ile ile, pamoja na picha za mzoga na alama zake. Msiahidi tarehe ya malipo. Mbirikani, jirani na Amboseli, mfuko wa fidia wa jamii ulianza mwaka 2003, na malipo yake hupungua zizi likiwa bovu au mchungaji akizembea. Napenda kanuni hiyo, ilimradi kila mtu aielewe kabla ya hasara na si baada yake. Utafiti uliofanyika huko ulionyesha kwamba fidia ilipunguza mauaji ya simba sana, na kwamba walipokuwepo walinzi yalipungua kwa asilimia 99.

Mshahara wa mlinzi uwe wa kila mwezi, ulipwe tarehe ileile, hata kama ni mdogo. Morani atanunua mtamba, atalipa ada ya mdogo wake, na kijiji kitaona. Msianze na walinzi kumi kwa fedha za mwaka mmoja. Anzeni na watatu kwa fedha za miaka mitatu. Mradi unaofungwa ghafla huacha hasira zaidi kuliko ule ambao haukuanza.

Heshima nayo itafutiwe mahali. Kimana, karibu na Amboseli, tangu Desemba 2012, morani hushindana kuruka, kukimbia na kutupa rungu na mkuki katika Olimpiki ya Wamasai, na David Rudisha, bingwa wa mbio za mita 800, amekuwa mlezi wake. Wazo hilo liliungwa mkono na wazee walezi wa morani, ndiyo maana likashika. Kijijini kwenu inaweza kuwa mbio za kilomita tano na fahali wa zawadi.

Wanawake wasiachwe. Wao hukamua, hufunga lango jioni, na ndio waliokuwa wakimwimbia muuaji wa simba. Samburu wana kikundi chao, Mama Simba. Mkiwa na akina mama wanaokataa kumsifu kijana kwa mkuki wenye damu, kazi ya walinzi wenu imepungua nusu.

Kupima

Kila mwezi walinzi wakae pamoja na madaftari yao. Hesabuni mambo manne tu: mifugo iliyouawa na wapi, mifugo iliyopotea ikapatikana, misako iliyotokea na iliyozimwa, na simba walioonekana kwa majina. Sensa ya Kenya ya mwaka 2021 ilihesabu simba 2,589 nchi nzima, kwa hiyo kila jina kwenye daftari lenu lina uzito. Rudisheni matokeo kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka, pamoja na mabaya. Kama maboma matatu ya upande mmoja yanaongoza kwa hasara miezi mitatu mfululizo, msiandike ripoti nyingine: bebeni mashoka na waya, mwende mkayajenge upya mazizi hayo.